Kambale wanaruka nje ya tenki: weka hiyo poda kando kwanza

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kambale Pongwe, Tanga. Nina matenki mawili ya turubai na simtanki moja lililokatwa juu. Tangu mvua zianze, kila asubuhi nakuta kambale chini, wengine hai, wengine wameshakauka. Wanaruka zaidi upande wa mpira wa maji. Maji ya bomba kwetu yanatoka usiku, kwa hiyo naacha mpira wazi yajae mpaka asubuhi. Fundi mmoja wa dawa kaniambia ni minyoo na bakteria, kaniuzia poda ya njano niweke siku tano. Niiweke kabla au baada ya kubadilisha maji? Au ni kukosa hewa, ninunue mashine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiweke kabla, na baada pia usiiweke. Masika yakianza tu napata ujumbe wa namna hii mfululizo, na karibu kila anayeniuliza ana pakiti yake ya poda mkononi tayari.

Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali, ukalipita. Umesema wanaruka upande wa mpira. Minyoo haichagui upande. Samaki anayesumbuliwa na wadudu wa ngozi au wa matamvua utamwona anajisugua chini na kwenye kuta, anageuza ubavu mpaka weupe wa tumbo unamulika, na akiruka anaruka popote. Wako wanajua wanakokwenda.

Kambale wa mtoni, awe wa Pangani au wa Zigi, huzaliana mvua zinapoanza, maji yanapopanda na kufunika majani ya bondeni. Akisikia maji mapya yanatiririka gizani, anayafuata yanakotoka. Hata trauti wanaofugwa kwenye maji baridi ya milimani Kenya wana tabia hiyo ya kupanda kinyume na maji. Sasa wewe mpira umeuning'iniza juu, maji yanaanguka kwa kishindo usiku kucha, na alfajiri tenki limefika ukingoni. Unamletea masika kila siku, halafu unampunguzia na urefu wa kuruka.

Tena katazame kona za turubai lako. Pale lilipokunjwa kuna mikunjo, na kambale ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani ambao hujisukumia hata nchi kavu. Mkunjo uliolowa ni ngazi tosha. Na hao unaowakuta hai wasikushangaze: juu ya matamvua yake kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya kawaida, na ngozi isipokauka anaweza kukaa nje saa nyingi. Ndiyo maana pia mashine ya hewa haitakutibia jambo hili. Samaki aliyekosa hewa kwa kawaida haruki, hupanda juu akahema mdomo wazi, hasa alfajiri, wakati hewa ndani ya maji iko chini kabisa. Mashine ingekuwa na maana zaidi kama ungekuwa na vifaranga wadogo sana, ambao kiungo hicho hakijakomaa, au sato.

Kuna klorini pia. Maji ya bomba yametiwa klorini ili wewe usiugue, na hiyohiyo huchoma matamvua ya samaki. Ukiyaingiza mabichi usiku mzima, unawaita kwa mlio kisha unawaunguza pale walipokusanyika.

Jambo jingine silioni kutoka hapa nilipo, ila nalishuku: amonia. Hujaniambia tenki lina samaki wangapi wala mara ya mwisho kutoa uchafu wa chini ilikuwa lini. Wafugaji wengi wameaminishwa kwamba kambale hafi, kwamba anaishi kwenye tope kwa hiyo maji machafu hayamdhuru. Anavumilia maji yasiyo na hewa kwa sababu anapumua ya juu. Amonia haina mlango huo wa pembeni. Inatokana na chakula anachokula na kile kilichobaki kikioza, na ukali wake hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki moja katika 100 ya amonia yote. pH ikipanda mpaka 8 inakuwa sita au saba. Ikifika 9 inakuwa kama 40. Uchafu ni uleule, sumu imezidi zaidi ya mara hamsini. Na upande wetu huu mawe ni ya chokaa, ndiyo yaliyochongwa na maji mpaka tukapata mapango ya Amboni, kwa hiyo mwenye kutumia kisima asitegemee pH ya chini. Maji yakiwa ya kijani, pH hupanda zaidi alasiri. Pima saa hiyo, usipime asubuhi tu ukajipongeza.

Sasa hiyo poda.

Poda ya njano inayouzwa kwa wafugaji wa kuku na samaki mara nyingi ni oksitetrasaiklini. Ni antibiotiki, yaani dawa ya bakteria. Haiui minyoo. Huyo fundi alipokwambia "minyoo na bakteria" kwa pakiti moja alikuwa ameshakuonyesha kiasi cha ujuzi wake. Ukiimwaga kwenye maji magumu kama ya huku, sehemu kubwa hushikana na kalsiamu na magnesiamu, ikashindwa kuingia mwilini mwa samaki. Jua likiipiga inaharibika, na maji yanaanza kugeuka rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Mfugaji akiona rangi ile anasema dawa inafanya kazi!

Ubaya wake mkubwa uko kwenye utelezi wa ukuta wa tenki, ule unaousikia ukipitisha kidole. Humo wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Hao ndio wafanyakazi wako wasiodai mshahara. Antibiotiki inaweza kuwadhoofisha hao pia. Siku chache baadaye amonia inapanda, samaki wanahangaika zaidi, fundi anarudi na pakiti ya pili. Nimeona matenki yaliyoingia kwenye mzunguko huu yakiwa na samaki wazima kabisa mwanzoni. (Wenye kusugua kuta kwa brashi ya waya kila wiki "ili pawe safi", nanyi mnafanya kazi ileile, bure bila pakiti.)

Ukitaka kujua, mchukue aliyekufa sasa hivi, usimchukue aliyelala chini usiku kucha, funua kifuniko cha shavu. Matamvua ya kawaida ni mekundu ya damu mbichi. Yakiwa ya kahawia kama chokoleti, shuku naitraiti, na hapo chumvi ya kawaida ina kazi ya kweli, kwa kipimo na pamoja na kubadilisha maji. Yakiwa yamejaa ute mzito au madoa meupe, mpelekee afisa uvuvi wa halmashauri amtazame kwa hadubini. Bila hadubini, anayekutajia jina la mdudu anabahatisha.

Leo jioni usiweke mpira kwenye tenki la samaki. Jaza pipa au simtanki la akiba, liache wazi siku nzima, ukilikoroga mara kwa mara klorini inatoka upesi. Maji hayo uyaingize asubuhi, mdomo wa mpira ukiwa chini ya uso wa maji usipige kelele. Kabla ya kuingiza, vuta uchafu wa chini, utoe kama theluthi ya maji, usitoe yote. Chakula uache siku moja. Maji yabaki sentimita 30 chini ya ukingo, mikunjo ya kona ivutwe, na juu funika kwa wavu uliokazwa pande zote. Pale Deep Sea, wanakoshushia samaki Tanga, hukosi wavu chakavu. Uzuie na paka. Halafu panga samaki kwa ukubwa, maana kambale wakubwa huwala wadogo, na mdogo anayefukuzwa naye huruka.

Ila tusiishie kwa kambale. Siku hizi kila mwenye kuku ana kijiko cha poda, kila mwenye samaki ana kijiko cha poda, inapimwa kutoka kwenye ndoo isiyo na jina la dawa, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha. Dawa halali ya mifugo ina vyote hivyo na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania. Bakteria wanaozoea dawa kwenye tenki lako hawabaki humo, na dawa inayobaki kwenye nyama inaliwa na mtoto wa mteja wako. Kwa samaki wanaolishwa oksitetrasaiklini kwa utaratibu, Marekani hutaka zipite siku 21 tangu dozi ya mwisho kabla ya kuvuna. Muulize fundi wako amekupangia siku ngapi. Kama umeshaweka hata kijiko kimoja na hukuniambia, niandikie lini na kiasi gani, na hao samaki usiwauze kwanza.