Mbu wa kibarazani: ninachopaka, ninachochoma na ninachomwaga

Neti tunazo, ila neti inakulinda ukishalala. Sasa kati ya magharibi na saa tano usiku uko wapi? Uko nje. Kwa joto la Dar hamna mtu anakaa ndani saa moja jioni wakati bati limekula jua mchana kutwa, wazee wako kibarazani, watoto wako uani wanacheza kombolela, akina mama wako nje na jiko la mkaa wanageuza chapati, vijana wako kijiweni na kahawa yao. Hayo masaa ndo mbu anakula, na hayo masaa hayazungumzwi sana, maana ukisikia kinga ya mbu unaambiwa neti basi imeisha.

Mimi nauza chakula cha jioni Tabata, upande unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi, mabenchi yangu yako nje. Mteja aking'atwa mara mbili tatu miguuni anakwambia dada nifungie naenda kulia nyumbani. Dawa ya kupuliza siwezi kuitumia jirani na masufuria ya watu, na mwanangu wa pili ana pumu, moshi mkali unambana. Ndo maana nimehangaika sana na vitu vya asili, vingine nimevishika mpaka leo na vingine nasema wazi kabisa tuviache.

Kwanza ujue nani anakuuma. Ukiona mbu mweusi ana madoa meupe miguuni, anakuja mchana, hasa asubuhi na alasiri mpaka jua linazama, huyo ni Aedes, ndo anayeeneza dengue, na wakazi wa Dar tunaikumbuka dengue ya 2014 na ile ya 2019. Wale wa kahawia wanaokupigia kelele sikioni giza likiingia wengi ni Culex, wanazaliwa kwenye makaro na mitaro ya maji machafu, na huku pwani wanaeneza matende na mabusha. Anofelesi wa malaria naye anatafuta watu usiku. Kwa hiyo mtu anayesubiri mpaka saa mbili usiku ndo ajipake mafuta, wakati amekaa na bukta nje tangu saa kumi, Aedes kashakula kashiba.

Haya, mafuta. Kwenye majani kinachofanya kazi ni harufu. Mbu anakufuata kwa hewa unayopumua, jasho lako na joto la mwili, mafuta ya majani yanamvuruga asikupate vizuri, ila hiyo harufu yenyewe inaruka hewani na ikishaisha kinga nayo imeisha. Hapo ndo watu wanapokatia tamaa dawa za asili, mtu anapaka saa kumi na mbili, saa mbili anang'atwa, anasema hii kitu uongo. Sio uongo, imeisha tu. Mafuta ya mchaichai na ndugu yake sitronela hesabu kama lisaa, na kwa jasho letu la mwezi wa pili hesabu chini ya hapo. Ukikubali kupaka mara kwa mara utayafurahia, kama wewe ni mtu wa kupaka mara moja usiku mzima bora ununue losheni ya dukani yenye DEET, yani dawa ya kiwandani ya kufukuza mbu, hiyo inakaa masaa mengi, na sioni aibu kusema hivyo kwenye makala ya dawa za asili.

Msingi wangu mimi ni mafuta ya nazi, yanakaa kwenye ngozi na yanachelewesha harufu kuruka. Kwenye robo lita ya mafuta ya nazi natia kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mwarobaini, yani mililita 5 kwa 250, hiyo ni asilimia 2 na inatosha kabisa. Mafuta ya mwarobaini ni mazito, rangi ya kahawia, yananuka kama kitunguu swaumu kilichosagwa na karanga zilizolala, ndo maana sizidishi, mtu hawezi kula pilau na hiyo harufu puani. Halafu nayaongezea kivumbasi. Kivumbasi nakichuma nakianika kivulini mpaka kikauke kabisa, usitie majani mabichi kwa sababu maji yaliyomo yanaharibu mafuta, nakiponda kwenye kinu, natia kwenye chupa ya kioo na mafuta ya nazi juu, chupa inakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, kama lisaa hivi bila mafuta kuchemka. Yakipoa nachuja kwa kitambaa, ndo nachanganya na yale ya mwarobaini. Ukifungua kifuniko unapata kivumbasi kwanza, mwarobaini unakuja nyuma kwa mbali. Haya ya kuloweka nyumbani hayana nguvu ya mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, hilo ujue, lakini ukipaka nyuma ya magoti, vifundoni na juu ya nyayo unaona tofauti, na miguu ndo sehemu ya kuwekea bidii maana ukiwa umekaa mbu wengi wanakuja huko chini.

Karafuu inafukuza mbu vizuri tu, ila mafuta yake ya chupa yanaunguza ngozi, usipake yalivyo hata kidogo. Tone moja kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, basi. Kwenye mkaratusi watu wanachanganya mambo. Ule unaosifiwa mpaka na mashirika ya afya ya Marekani ni mkaratusi wenye harufu ya limau, mafuta yake yanasafishwa kupata kitu kinaitwa PMD, hicho kinashindana na dawa za dukani kwa muda wa kukaa. Mafuta ya mkaratusi ya kawaida yale ya mafua sio kitu kimoja na hicho, ukiyapaka ukategemea kinga ya masaa unajidanganya.

Jamani watoto. Hiyo PMD haipakwi mtoto chini ya miaka 3. Kichanga usimpake chochote, mfunike na neti hata mchana, hata kwenye mkeka pale nje. Na mafuta ya mwarobaini yasiingie mdomoni kwa mtoto, kuna watoto wadogo wamepata sumu kwa kunyweshwa, kwa hiyo hata mikono yake usiipake maana ataitia mdomoni tu. Mtu mzima naye jaribu kwanza, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, kaa mpaka kesho, ukiona wekundu au mwasho achana nayo.

Kwenye moshi bibi zetu walikuwa na akili, kivumbasi kikavu juu ya kaa la moto, makumbi ya nazi, ubani, na kwa kweli mbu wanapungua. Mimi nachoma makumbi umeme ukikatika tu, naweka chetezo upande upepo unapotokea ili moshi upite chini ya mabenchi, sio usoni kwa watu. Lakini moshi ni moshi, uwe wa jani la dawa au wa taka, kifua hakichagui. Na zile koili za kuchoma, usiwashe chumbani ukafunga madirisha. Koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe ndogo ndogo za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137, hiyo ilipimwa, sasa fikiria mtoto mwenye pumu analala humo. Watu wanasema koili ni pareto, ni kitu cha asili. Zamani ndio, zilitengenezwa kwa maua ya pareto, haya haya yanayolimwa kwetu Iringa, Njombe na Mbeya, siku hizi nyingi zina dawa za kiwandani zilizoigiza pareto. Soma paketi.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote hata sio jani, ni feni. Mbu ni mrukaji dhaifu sana, upepo wa feni ya kawaida unamshinda, na unatawanya ile hewa unayopumua asijue umekaa wapi. Feni yangu iko chini, naielekeza chini ya meza kwenye miguu ya wateja, sio juu usoni, kwa sababu hiyo hiyo niliyosema ya mbu kupenda miguu. Feni miguuni na mafuta vifundoni, vyote viwili pamoja, mteja anakaa mpaka anaagiza chai ya pili. Na nguo jamani, suruali pana nyepesi ya rangi isiyokoza, mbu wanavutwa na nyeusi na rangi nzito, halafu taiti inayobana wanaichoma juu kwa juu.

Sasa ya kuacha. Kula kitunguu swaumu ili damu inuke, haifanyi kazi, kimejaribiwa kwa watu na hakikuonyesha kitu. Kujipaka limao au ndimu, hii naikemea kabisa, maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani unaungua, malengelenge halafu madoa meusi yanayokaa wiki nyingi, watu wanafikiri ni aleji ya mbu kumbe ni ndimu na jua. Mafuta ya taa kwenye ngozi, hapana.

Halafu ujipake utakavyojipaka, kama nyuma ya nyumba kuna ndoo imekaa na maji wiki mbili unawafuga mwenyewe. Yai mpaka mbu mzima ni kama siku 7 mpaka 10 kwa joto letu, kwa hiyo mzunguko wa kumwaga maji uwe kila wiki. Sahani za chini ya maua, vifuu, makopo, matairi ya fundi, madumu, simtanki lisilo na kifuniko. Usimwage tu, sugua, maana mayai ya Aedes yanagandia ukutani mwa chombo na yanakaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Mwezi wa tatu masika inapoanza mimi na majirani tunapita uani mmoja mmoja. Kwenye karo ziba nyufa za mfuniko, na bomba la hewa lifunge wavu juu. Kule Makunduchi, Unguja, waliwahi kumwaga chenga za plastiki ya povu kwenye vyoo vya shimo, zinaelea juu ya maji na kuyafunika, Culex hapati pa kutagia na viluwiluwi vinakosa hewa, mbu walipungua sana. Na Kibaha hapo kuna kiwanda kinachotengeneza dawa ya viluwiluwi kutokana na bakteria, teknolojia ya kutoka Kuba, inaua viluwiluwi ikiwekwa majini na haimdhuru mtu. Hiyo nayo ni ya asili, tena naipenda kuliko mafuta yangu, ulizieni kwenye serikali ya mtaa kama dawa ya mazalia inamwagwa kwenu, mkidai kama mtaa inasikika zaidi kuliko mtu mmoja.

Ukitoka nje ya mbu wa nyumbani mambo yanabadilika. Ufukweni karibu na mikoko, kama Kunduchi, Mbweni au Kigamboni, kinachokutafuna jioni bila kukiona ni usubi, ni mdogo mno mpaka anapita kwenye matundu ya neti. Kwake paka mafuta ya nazi mengi, ngozi iwe na utelezi kabisa, na kaa sehemu yenye upepo, usubi hawezi upepo. Ukienda Mikumi au Saadani utakutana na mbung'o, huyo mafuta yako yote hajali, anauma juu ya shati. Acha nguo ya bluu na nyeusi nyumbani, ndo rangi zinazomvuta, hata mitego yake hifadhini inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na funga vioo gari likitembea maana anafukuza kinachotembea. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, chomeka suruali ndani ya soksi, jikagueni mkirudi, kupe ukimkuta mshike na kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimchome na kiberiti wala kummwagia mafuta. Na mkitandika mkeka chini ya mwembe tazameni matawi kwanza, wale sisimizi wekundu wa mitini tunaowaita maji moto hawana dawa ya kuwafukuza, mnahama tu.

Ukishaumwa, osha na sabuni, weka barafu au kitambaa cha maji baridi, hiyo inatuliza mwasho haraka kuliko yote. Baada ya hapo alovera, kata jani acha yale maji ya njano yachuruzike yaishe kwanza, maana yanawasha, ndo upake ute mweupe wa ndani. Soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo nayo inasaidia. Watoto wakateni kucha, kidonda cha kujikuna kikiingia uchafu ni kazi nyingine.

Na homa ikija baada ya hapo, hakuna jani. Nenda kapime malaria siku hiyo hiyo, na kama malaria hamna lakini kichwa kinauma nyuma ya macho na viungo vyote vinavunjika, waambie wakupime na dengue. Mpaka ujue majibu tumia paracetamol tu, usinunue diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, kwa mwenye dengue hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.