Miadi minne siku moja: panga kwa tumbo na kibofu kabla ya saa

Anayeishi na kisukari, presha, figo au moyo anazijua siku hizi: maabara saa 2 asubuhi, altrasaundi saa 4, kliniki ya presha saa 6, macho saa 8 mchana. Wengi huzifuata saa zilizoandikwa kwenye kadi na kuona wamejipanga. Halafu mmoja anarudishwa kwa sababu amekunywa chai, mwingine anapimwa presha huku kibofu kimejaa na anaondoka ameongezewa dawa asiyoihitaji.

Saa ije baadaye. Kwanza ujue kila kipimo kinataka mwili ukiwa katika hali gani: tumbo tupu au lenye chakula, kibofu kimejaa au kimekwisha mwagwa, dawa imemezwa au bado. Masharti haya hugongana, na anayeyaona yote ni wewe peke yako. Wa maabara anajua ya maabara, wa macho anajua ya macho.

Kwa hiyo wiki moja kabla, uliza kila mahali maswali yale yale: Nije nimefunga, na kwa saa ngapi? Dawa za asubuhi nimeze? Nije na mkojo kwenye chupa, au nije kibofu kimejaa? Majibu yote yaandike kwenye karatasi moja. Migongano itajitokeza yenyewe, na bado utakuwa na muda wa kuomba saa moja isogezwe. Ukiweza, fanya zaidi ya hapo: damu itolewe siku kadhaa kabla, ili unapokaa mbele ya daktari majibu yawe yameshafika. Kutoa damu asubuhi na kumwona daktari mchana wa siku hiyo hiyo mara nyingi huishia kwa daktari kusema "rudi tukipata majibu", na hapo umejiongezea safari.

Tuanze na tumbo. Sukari ya kufunga inataka angalau saa 8 bila chakula. Mafuta ya damu, pale wanapotaka ufunge, ni saa 9 hadi 12. Ukimaliza kula saa 3 usiku na damu ikatolewa saa 2 asubuhi, hizo ni saa 11, zinatosha vyote viwili. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, hakihitaji kufunga kabisa. Kama ni hicho peke yake, kula. Maji matupu yanaruhusiwa, na kwa kweli yanywe, maana mshipa wa mtu aliyekaukiwa maji ni taabu kuupata. Kahawa isiyo na sukari haihesabiwi kuwa maji. Altrasaundi ya tumbo la juu, hasa ya nyongo, nayo hutaka kufunga saa 6 hadi 8, kwa hiyo iombe asubuhi ile ile ya damu ili mfungo mmoja umalize kazi mbili.

Dawa ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Vidonge vya kisukari vinavyosukuma kongosho, kama glibenclamide na gliclazide, pamoja na insulini ya kazi fupi, huenda na chakula. Kama hujala bado, subiri. Utatumia baada ya damu kutolewa, chakula kikiwa mkononi. Insulini ya muda mrefu ni habari nyingine: usiiache kwa uamuzi wako, muulize daktari mapema kama dozi ya usiku ipunguzwe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini hiyo hata akiwa amefunga. Vidonge vya presha kwa kawaida humezwa kama siku zote, kwa maji kidogo, isipokuwa umeambiwa vingine. Anayeviacha "ili daktari aone presha halisi" anamwonyesha presha ya mtu asiyetibiwa, na atatibiwa hivyo.

Ukihisi jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, pima sukari hapo hapo kwenye foleni. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, yaani 70 mg/dL, mfungo umekwisha. Gramu 15 za sukari ya haraka ni kama vijiko vitatu vinne vidogo vilivyokorogwa kwenye maji. Kunywa, ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Usione haya kumwambia mtu wa maabara kwamba umekula. Damu itatolewa siku nyingine.

Zipo dawa ambazo damu yenyewe hupimwa kuona kiwango chake, na hapo saa ya dozi ndiyo kila kitu. Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Tacrolimus, ya waliopandikizwa figo, hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi, kwa hiyo ibebe na uimeze mara tu sindano ikitoka. Digoxin, dawa ya moyo, isipimwe kabla ya saa 6 kupita tangu uimeze. Na wanaotumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini waviache angalau siku mbili kabla ya kipimo cha tezi ya shingo, kwani vinaweza kutoa majibu ya uongo bila mtu yeyote kushuku.

Kwenye kiti cha kutolea damu, sema mapema kama una fistula, ule mshipa uliounganishwa mkononi kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Mkono huo hautolewi damu wala haufungwi mkanda wa presha. Mpira ukishafungwa, usikunje na kukunjua ngumi kama wengi wanavyofanya: misuli humwaga potasiamu kwenye damu ya mkono huo, kipimo kinapanda, na mgonjwa wa figo anaitwa usiku kwa hatari isiyokuwepo. Baada ya hapo bonyeza pamba dakika 3 hadi 5 mkono ukiwa umenyooka. Kuukunja kwenye kiwiko ndiko kunakoleta lile doa jeusi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, abonyeze zaidi.

Sasa kibofu. Altrasaundi ya nyonga, yaani ya chini ya kitovu, inakitaka kimejaa, kwa kawaida kwa kunywa kama lita moja ya maji na kuimaliza saa moja kabla, bila kukojoa. Kipimo cha presha kinakitaka kitupu, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Na kama maabara wanataka mkojo, huo unatoka lini? Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mkojo wa kwanza wa asubuhi ukinge nyumbani, kwa kipimo cha protini ndio bora, na uufikishe ndani ya saa mbili. Kisha damu, kisha maji, altrasaundi, choo, na presha mwisho wa mstari huo. Ukigeuza, utakojoa kwa ajili ya maabara halafu ukae saa nzima ukingoja kibofu kijae upya huku jina lako likirukwa.

Hapa kuna mtego. Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kikomo cha maji asinywe lita hiyo kwa sababu tu karatasi ya altrasaundi imesema. Apige simu aulize. Na aliyemeza furosemide, kidonge cha kukojoza, asubuhi hataweza kubana chochote, kwani dawa huanza ndani ya saa moja na hufanya kazi kama saa 6. Muulize daktari kama siku hiyo dozi inaweza kusogea mchana.

Kipimo cha presha chenyewe kinastahili ukaidi kidogo. Unaitwa kutoka foleni, umepanda ngazi, unajibu maswali, mkanda umefungwa juu ya shati, miguu imepishana. Kila moja ya hayo inaongeza namba, na mkanda mdogo kwa mkono mnene unaongeza zaidi. Inavyotakiwa: nusu saa bila kahawa, sigara wala mwendo wa haraka. Ukae dakika 5 umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono mtupu umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Ipimwe mara mbili, dakika moja ikipita katikati. Kumwambia nesi "naomba nikae dakika tano kwanza" si usumbufu. Nenda pia na vipimo vya nyumbani, asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla. Daktari makini ataviamini kuliko namba moja ya kliniki.

Macho yawe ya mwisho, hata kama nafasi ya asubuhi ndiyo iliyokuwa rahisi kupata. Matone ya kupanua mboni hukuacha ukiona ukungu wa karibu kwa saa 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Huendeshi gari, husomi cheti, husaini kitu ulichokielewa. Jambo linalosahaulika ni insulini ya jioni: namba kwenye kalamu ya insulini ni ndogo, na mboni zilizopanuka hazioni tofauti ya 8 na 18. Mwombe mtu mwenye macho mazima asome kabla hujachoma. Miwani ya jua ibebe.

Kwa daktari peleka maboksi yenyewe ya dawa, pamoja na mitishamba na vidonge vya maumivu vya dukani. Siku ya milango mingi ndiyo siku ya dawa kugongana. Wa magoti anaandika diclofenac ya maumivu bila kujua kwamba wa presha amekupa enalapril na furosemide, na hizo tatu pamoja zinaweza kuangusha figo. Sindano ya steroidi kwenye goti inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa inahitaji wajue kama unatumia metformin, kidonge cha kisukari, na figo zako zina hali gani. Sentensi moja inatosha kila mlango: "Nina figo, natumia hizi." Na shida kubwa iseme kwanza, kabla hujakaa vizuri. Ikisemwa mkono ukiwa kwenye kitasa, imeshachelewa.

Mfuko: chakula cha kula mara damu ikitoka, dozi ya mchana, mashine ya sukari, sukari yenyewe, maji. Insulini isigusane na barafu, maana ikiganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka vizuri. Kadiria kila miadi itachelewa. Mwili ukigoma katikati ya siku, ahirisha ile isiyohitaji kufunga na ambayo daktari wa leo hangojei majibu yake, mara nyingi ni macho. Ila omba tarehe mpya pale pale dirishani.

Kabla ya kutoka, uliza majibu yatapatikanaje na lini, na yaliyopo yaandike pamoja na kizio chake. Sukari ya 7.0 mmol/L na ya 126 mg/dL ni ile ile, na kreatinini, kipimo cha figo, ya 88 µmol/L ni sawa na 1.0 mg/dL. Namba tupu kwenye daftari, bila kizio, itamfanya daktari wa mlango mwingine akisie.