Msiba ugenini: maswali yenu na majibu yetu

SWALI: Tulisafiri na baba nchi ya mbali. Aliugua njiani, akalazwa, siku ya nne akafariki. Hospitali imetupa karatasi moja na kutuambia tutafute wakala wa mazishi. Tunataka azikwe nyumbani. Tuanzie wapi?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Wakala wa mazishi asubiri kidogo. Tafuteni kwanza bima ya safari ya marehemu na mpige namba ya dharura iliyoandikwa humo, hata kama ni usiku wa manane. Bima zinazogharimia kurudisha mwili hutaka kuidhinisha gharama mapema, na mara nyingi humteua wakala zenyewe. Familia ikishatia sahihi mkataba na wakala wake, madai yanaweza kukataliwa au kulipwa nusunusu. Kama hamwoni bima yoyote, ulizeni kwa mwajiri wake na kwa benki iliyotoa kadi iliyolipia tiketi. Baadhi ya kadi huja na bima ya safari ambayo mwenyewe hakuwahi kuisoma.

Sasa isomeni hiyo karatasi ya hospitali. Kwa kawaida ni taarifa ya daktari tu. Cheti cha kifo hutolewa na msajili wa vifo wa nchi mliyopo, naye hunakili kile daktari alichoandika. Kwa hiyo makosa yasahihishwe kabla karatasi haijafika kwa msajili, kwa sababu baada ya hapo hata herufi moja hudai maombi mapya, viapo na subira. Jina liwe sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Halafu tazameni sababu ya kifo. Ikiwa imeandikwa "moyo ulisimama" na basi, rudini kwa daktari kwa upole. Kila anayekufa moyo wake husimama. Fomu inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hudai mnyororo mzima: kilichomuua moja kwa moja, kilichosababisha hicho, hadi kufika kwenye ugonjwa wa asili. Kwa mfano, nimonia iliyofuata kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu. Bima na mamlaka za afya hutazama mstari huo kuliko mwingine wowote.

Ubalozi wenu uarifiwe siku hiyohiyo. Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 37, unazitaka mamlaka za nchi husika kuujulisha ubalozi pale raia wake anapofariki, lakini msikae mkisubiri wafanye hivyo. Mara nyingi ubalozi haulipi gharama. Msaada wake ni orodha ya mawakala na wakalimani, barua za kuruhusu mwili kuingia nyumbani, na kuifuta pasipoti. Msiikabidhi pasipoti hiyo kabla ya kupiga nakala ya kurasa zake, kwa kuwa wakala atahitaji namba yake.

Wakala ndiye atakayekusanya zile karatasi nyingine: kibali cha kusafirisha maiti, cheti cha mwili kutiwa dawa ya kuuzuia usioze, uthibitisho kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, na cheti cha kufungwa kwa jeneza. Jeneza la safari si la kawaida. Makubaliano ya Strasbourg ya 1973, yanayotumika baina ya nchi kadhaa za Ulaya, yanataka liwe lisilopitisha kitu, ndani kuwe na kitu cha kufyonza majimaji, na kwa ndege liwe na kichujio cha kusawazisha hewa. Nje ya nchi hizo pia, bati la zinki lililolehemiwa ni jambo la kawaida. Ikiwa imani yenu hairuhusu mwili kutiwa dawa, semeni mapema, kwani nchi nyingine na mashirika mengine ya ndege hulazimisha, na mwili ukishatiwa dawa hakuna kurudi nyuma. Kwa homa kama Ebola na Marburg, mwili hautiwi dawa, na familia hushauriwa kukubali maziko ya haraka na salama hukohuko.

Msitangaze siku ya mazishi mpaka mwone hati ya shehena yenye namba ya ndege. Hapa ndipo familia nyingi huumia mara ya pili: watu wameshakusanyika, jeneza bado liko uwanja wa kati. Ombeni ndege isiyobadilishwa njiani, hata ikichelewa siku mbili. Kila nchi ya kupitia inaweza kudai karatasi zake, na mlango wa mizigo wa ndege ndogo huenda usipitishe jeneza.

Na kama safari hiyo inawashinda kwa gharama, kumzika alikofia si kumtupa. Chukueni nakala kadhaa za cheti zilizothibitishwa, kwa ajili ya benki, mirathi na pensheni. Kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, apostili moja, yaani uthibitisho rasmi kwamba hati ni halali, inatosha kwa kila nakala.

SWALI: Bima imekataa kulipa kwa kuwa dada hakutaja kisukari alipoinunua. Lakini amekufa kwa malaria.

JIBU: Takeni wakupeni kukataa huko kwa maandishi, pamoja na namba ya kipengele wanachokitegemea. Kuna mikataba inayofuta bima yote mtu akificha ugonjwa, na kuna inayokataa tu madai yanayotokana na ugonjwa uliofichwa. Ikiwa yenu ni ya aina ya pili, ombeni jalada lote la hospitali, pamoja na kipimo cha damu kilichoonyesha vimelea, na mkate rufaa kwa kampuni. Ikishindikana, nendeni kwa msimamizi wa bima wa nchi ilikosajiliwa.

SWALI: Mwili umechomwa. Naweza kubeba majivu mwenyewe kwenye ndege?

JIBU: Mara nyingi ndiyo, lakini uliza shirika la ndege kwanza, mengine huyapokea kama shehena tu. Tumia chombo cha mbao au plastiki. Cha chuma huzuia mionzi ya mashine ya ukaguzi, na majivu yanaweza kukataliwa mlangoni. Beba mkononi cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa, na usiviweke kwenye sanduku la mizigo.