Springi na raba za breki za Land Rover 109: pima kwanza, ndipo ununue

Pikapu aliyoniachia baba ni Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Mpaka leo inashusha viazi na kabichi kutoka Lushoto. Injini haijanisumbua sana. Kilichonihangaisha ni breki, tena si dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) wala viatu vyake vinavyoibana kwa ndani, maana hivyo ukiulizia Gerezani, Dar es Salaam, siku mbili tatu utavipata. Shida ni vile vidude vidogo: raba za wili silinda (silinda ndogo ya kila gurudumu inayosukuma viatu), springi za kurudisha viatu, nati za mabomba.

Nakumbuka siku niliyonunua raba kwa kuambiwa "chukua hizi, zinaingia." Kweli ziliingia. Tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki, pedali ikawa ngumu, nikamshukuru fundi nikaondoka. Siku ya nne, nikiwa na mzigo kwenye mteremko wa kwenda Mombo, pedali ikazama mpaka chini. Gari yangu ina njia moja tu ya mafuta ya breki, kwa hiyo gurudumu moja likivuja umepoteza yote manne. Nilirudisha gia mpaka namba moja, gari ilipokaribia kusimama ndipo nikavuta hendibreki. Kwenye gari hizi hendibreki imefungwa nyuma ya giaboksi na haitegemei mafuta. Ndiyo iliyonishikia gari wakati naweka mawe.

Tulipofungua gurudumu la nyuma kushoto, viatu vilikuwa vimelowa chapachapa. Tukapima kwa venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo: raba ilikuwa nyembamba kuliko tundu la silinda kwa chini ya nusu milimita. Hapo ndipo nilipoelewa. Gari hizi zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi, na duka limejaa raba za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukishika raba ya 25 na ya inchi moja, moja kila kiganja, macho hayatakwambia chochote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiende dukani na raba kuukuu peke yake, kwa sababu huenda imevimba. Nenda na silinda yenyewe. Pitisha kidole ndani kabla hujatoka nyumbani. Ukihisi vishimo vya kutu, hata raba ya kipimo sahihi itavuja, tafuta silinda nzima. Angalia pia kama ni ya kushoto au kulia, maana si zote zinabadilishana. Na uoshe raba kwa mafuta ya breki tu. Petroli, dizeli au oili ya injini huzivimbisha mpaka zinang'ang'ania ndani.

Nati za mabomba nazo zina mtego wake. Zile za zamani zina uzi wa inchi, za baadaye wa milimita, na silinda mpya inaweza kuja na wowote. Nati ya inchi 3/8 ina upana wa milimita 9.5 hivi, ukiiingiza kwenye tundu la milimita 10 itazunguka vizuri kabisa, kisha itachomoka siku unapokanyaga kwa nguvu. Nati ikicheza kabla haijakaza, itoe.

Springi ipime ikiwa haijavutwa. Inyanyue juani: pete zake zote ziwe zimebanana. Ukiona mwanga unapenya katikati, imeshavutika, nayo itaacha kiatu kikisugua dramu mpaka ipate moto. Nimeona mafundi wakikata springi ya gari nyingine na kukunja ndoano upya. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu pale ilipokunjwa ndipo inapokatikia, na kipande kinaangukia ndani ya dramu. Bora nisubiri wiki tatu nipate springi nzima kutoka kwenye gari lililovunjwa kwa ajili ya spea.

Kupigisha laining mpya (ule utando unaosugua dramu) kwenye viatu vyako vya zamani, hilo sawa, mradi vichwa vya riveti vizame chini ya uso wa laining. Iliyolowa mafuta itupe, haioshwi ikapona. Vumbi la laining za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa, mara nyingi lina asbesto. Lowanisha kwa maji ulifute na kitambaa.

Ukiagiza kutoka Uingereza, ambako spea za gari hizi bado zinatengenezwa, tuma namba ya chesisi. Usiseme tu "Land Rover ya zamani", kwa sababu 88, ile fupi, kwa kawaida ina dramu za inchi 10 na 109 ina za inchi 11, na vya ndani havifanani.

Halafu fungua upande mmoja kwa wakati mmoja. Springi ya kushoto ikikuchanganya, kulia bado kumefungwa, nenda kaangalie. Mimi kila nikibadilisha, kidude cha zamani nakifunga kwenye karatasi yenye kipimo na jina la gurudumu, nakiweka kwenye kopo la maziwa chini ya kiti cha dereva.