Kabla hujasema hua wamekwisha au wamejaa, hesabu hivi

Kila Septemba msimu wa kuwinda hua, hawa ndege wa jamii ya njiwa, ukifunguliwa hapa Texas, grupu letu la WhatsApp linachafuka. Mmoja anasema hawa ndege wamekwisha, Wamarekani wamewamaliza kwa bunduki, mwingine anamjibu acha uongo wewe njoo uone uani kwangu wanavyogombea mtama. Mi hawa ndege nawafuatilia kitambo sasa, na ninachowaambia wote wawili ni kwamba kwanza tujue tunamzungumzia ndege gani, maana hapa mjini kuna wa aina tatu na watu wanawaita wote hua.

Anayebishaniwa ni mourning dove. Ni mwembamba, kahawia ya vumbi, madoa meusi kwenye mbawa, mkia mrefu umechongoka, na akikurupuka mbawa zinapiga kama mluzi, yaani hata kama miwani umeisahau ndani unamjua. Mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo na mkia uliokatwa sawa ni collared dove, huyu mgeni kabisa, walitoroka kwa mfugaji huko Bahamas miaka ya 70, miaka ya 80 wakawa wameshafika Florida, leo wapo karibu Marekani nzima isipokuwa kaskazini mashariki ambako bado ni wa nadra. Wa tatu ana ukanda mweupe kwenye ubawa, zamani alikuwa wa kusini kabisa mwa Texas, bonde la mto Rio Grande, siku hizi mjini San Antonio ndo kwake. Kwahiyo ukisema "wameongezeka" inawezekana kabisa ni hao wawili walioongezeka na mwenyewe unayemtetea anapungua.

Na kweli anapungua, ila si kila mahali. Hesabu kubwa ya ndege hapa Marekani ilianza 1966 na mpaka leo inafanyika vilevile: mtu anaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, barabara ni ileile kila mwaka, vituo 50, kila kituo dakika 3, anaandika aliowaona na aliowasikia. Ukizipanga hesabu za miaka yote hiyo unakuta magharibi wameshuka, kanda ya kati ambayo Texas imo nayo imeshuka, mashariki wamejikaza. Bado wapo zaidi ya milioni 100, kwahiyo anayesema wamekwisha anatia chumvi.

Kuhusu bunduki, sawa, hakuna ndege wa kuhama anayewindwa Marekani kuliko huyu, na Texas ndo inaongoza, mwindaji anaruhusiwa 15 kwa siku. Lakini hua anataga mayai mawili tu kila mara halafu anarudia, huku kusini anaweza kulea hata mara tano kwa mwaka, na kwa kawaida karibu nusu ya wakubwa wanakufa kila mwaka kwa sababu mbalimbali. Ndo maana mimi kumbebesha mwindaji lawama yote sioni haki, mashamba na vichaka anavyotegemea navyo vimebadilika sana.

Sasa ukitaka hesabu yako iwe na maana, usijumlishe kila anayetua, maana hua mmoja atakuja asubuhi, aondoke, arudi, we unaandika watatu. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, basi. Halafu linganisha Juni na Juni, Januari na Januari, kwa sababu wa Januari wengine ni wageni wa kutoka kaskazini wamekimbia baridi. Ingiza kwenye eBird, mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, ni bure, na siku hujaona hua weka orodha yako hivyohivyo bila yeye.

Ukiwalisha, tafadhali osha chombo. Hua wakibanana kwenye sahani moja chafu au beseni la maji lililokaa wanaambukizana kimelea cha kooni, unamwona mmoja amejikunyata, manyoya yamevimba, anashindwa kumeza punje. Hapo ondoa chakula na maji yote wiki mbili hivi, sugua kila kitu na maji yenye jiki kidogo, suuza, anika juani kikauke kabisa ndo urudishe. Watoto watalalamika, waache walalamike.