Kisu cha mkobani kitamfaa nani?

Mwezi huu karibu kila barua inauliza kuhusu silaha. Hofu iliyoziandika naijua, kwa hiyo nitajibu moja kwa moja.

Nauza omena Kondele na nafunga saa tatu usiku. Nimenunua kisu cha kukunja. Nimekosea? (Kisumu)

Kuogopa hujakosea. Lakini hicho kisu kiko wapi sasa hivi? Kiko mkobani, chini ya leso na simu. Anayekuvamia huja amejiandaa, na wewe utakuwa bado unapapasa. Kikishatoka, mwenye mkono wenye nguvu ndiye atakayekishika. Fungeni vibanda pamoja watatu au wanne, na muwe na mtu wa boda mnayemjua kwa jina na kwa namba ya pikipiki. Ukishikwa, piga nduru mapema, usingoje uhakikishe. Nyanya wa Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, waliofunzwa kujihami walifundishwa kutumia sauti pamoja na mikono, na sauti haipokonywi.

Na pilipili ya kupuliza?

Hapana. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu hata kifaa cha kurushia gesi au maji ya kudhuru kuwa bunduki. Wanaowauzia mtandaoni hawawaambii hilo.

Serikali ikiwapa wanawake vibali vya bunduki, si haya yote yataisha? (Mwanamume, Nakuru)

Swali hili huletwa kila mara, na mletaji huwa hajajiuliza nani atashika funguo ya kabati la bunduki. Katika nyumba nyingi ninazozijua, ni mume.

Mume wangu akilewa hunipiga. Nimeficha panga chini ya kitanda. Watoto hawajui. (Kaptembwa)

Mama, toa panga hilo leo. Watoto wanajua, na yeye atalijua kabla ya wewe kuligusa.

Tunafundisha mabinti kuogopa vichochoro huku hatari ikila nao ugali meza moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshaumizwa kimwili tangu wafike miaka 15, na kwa walioolewa au waliowahi kuolewa, anayetajwa zaidi ni mume au mpenzi. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa kwake Endebess, Septemba 2024, siku ya Jumapili, akafia hospitalini Eldoret. Walikuwa wanariadha wa kimataifa, wenye miili iliyozoezwa kwa miaka mingi. Wote wawili hatari iliwakuta kwao, si njiani usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga 1195, namba ya msaada kwa wanaodhulumiwa, ni bure, mchana na usiku. Nenda kituoni, ulizia dawati la jinsia, uandikishe kila kipigo. Ofisa akikutuma nyumbani mkaelewane, muulize jina lake na usitoke bila namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Kwa Sheria ya Kukinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, hakimu anaweza kumkataza mumeo asikukaribie, hata kumwondoa katika nyumba mnayoishi. Kitambulisho chako, vyeti vya watoto na nauli viweke kwa rafiki asiyezoeana na mumeo. Na usimtangazie kwamba unaondoka, hata mkiwa katikati ya ugomvi. Wanawake wengi huuawa wakati huo hasa, mume anapojua kwamba wanakwenda.

Nikimuua nikijitetea, nitafungwa?

Sheria inakubali kujitetea, lakini nguvu ilingane na hatari iliyo mbele yako. Akiwa anakukaba roho, mahakama itakusikiliza. Akiwa amelala, au ameshakimbia ukamfuata, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza namba za OB: siku hiyo ndizo zitakazokusemea.

Binti yetu wa miaka 14 amenajisiwa na jirani jana. Familia yao imeleta ng'ombe na chifu anasema tuyamalize. P3 ni pesa ngapi? (Kisumu)

P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ni bure. Nimeandika hivyo hapa mara nyingi mno, na anayewaitisha pesa anawaibia.

Mengine yote yangoje, mpelekeni hospitali sasa hivi. Mkiwa karibu na Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, nendeni huko. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na ya kuzuia mimba kabla ya saa 120, na kila saa inayopita inaipunguza nguvu. Asioge. Nguo alizovaa zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na msizifue.

Chifu hana mamlaka ya kuyamaliza haya, na wala ninyi wazazi hamna. Kwa anayemnajisi mtoto wa umri huo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataja kifungo kisichopungua miaka 20. Mkipokea ng'ombe, jirani atabaki palepale upande wa pili wa ua, na binti yenu atampita kila asubuhi akienda shule. Mrudisheni huyo ng'ombe leo, mbele ya mashahidi.