Kuhusu Riwaya Ulizonipangia

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Tanga hatujambo. Umemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, sasa unaniuliza uanze na ipi kati ya riwaya nne ulizoziorodhesha: Kuli, Nyota ya Rehema, Nagona au Vuta n'Kuvute. Mimi pia nimeimaliza Peponi hivi karibuni, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, na bado namwaza yule mtoto Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake bila yeye kuelezwa. Lakini kabla ya kukwambia uanze na ipi, nataka kujua utamsomea nani. Msimamo wangu unaujua: riwaya haijasomwa mpaka isomwe kwa sauti, na mtu mwingine akiisikiliza.

Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi niliisoma ukumbini, bibi yako akichagua mchele, nawe umelala ubavuni pake. Alikuwa msikilizaji mgumu, kila mara akinikatiza kuuliza huyu ni nani na mtoto wa nani. Tulipofika pale Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka, anapoikimbia ndoa na mama yake mzazi anamkataa, mkono wa bibi yako ulisimama juu ya ungo, chuya ingali kati ya vidole. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Unajua alivyorudishwa Pangani kwa mume wake wa kwanza, na unajua aliyemrudisha, lakini kwa kinywa chake hakuwahi kunitamkia habari ile mpaka alasiri hiyo, na aliyoyasema juu ya mama yake sitayaandika hapa.

Tangu hapo nabishana na nafsi yangu. Mama yule angefanya nini, katika Zanzibar ya mkoloni, huku jamii yake yote ikimtazama? Lakini Mwajuma, ambaye hakuwa na nasaba yoyote na Yasmin, alimpokea kwake Ng'ambo, mtaa wa huko huko Zanzibar. Ikiwa Mwajuma aliweza, basi mzazi... Naishia hapo, ingawa neno limenifika ulimini, kwa sababu nataka uamue mwenyewe.

Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, inanipinga. Nilijaribu kumsomea baba yako akaniomba niache, nikaimaliza peke yangu usiku, na nakiri kwamba imenikaa kuliko nyingi nilizosomewa. Huenda msimamo wangu una mipaka. Hata hivyo siuachi. Kuli msomee kaka yako atakapokuja likizo, maana yeye anafanya kazi bandarini na ataelewa haraka kuliko sisi mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Nyota ya Rehema iache ifuate, kwani Rehema naye anakataliwa, safari hii na baba, na ni vizuri uwe umeshamsikia Yasmin kwanza.

Kwa hiyo anza na Vuta n'Kuvute, na umsomee mama mkwe wako, kwa kuwa umeniambia jioni zenu zinaishia kwenye televisheni. Ukifika pale Yasmin anapokataliwa na mama yake, usimsimulie kisa cha bibi yako. Soma tu, kisha uniandikie yeye amesema nini.

Mama yako